Mikono ya Kiryu

Cherehani ya yokoburi haina meno ya kusukuma kitambaa wala kiguu cha kukikandamiza. Sindano yake hucheza kushoto na kulia, na mchezo huo huwa mpana au mwembamba kwa kadiri goti la kulia la fundi linavyosukuma wenzo uliofungwa chini ya meza. Mguu unashika mwendo kwenye kanyagio. Mikono imetandazwa juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya duara, nayo ndiyo inayochora: inazungusha, inavuta, inarudisha, inazungusha tena. Goti likilegea, mstari wa uzi hukonda ukawa unywele. Likisukuma, hunenepa ukajaa. Mashine haikumbuki mchoro wowote. Kila joka linalotoka chini ya sindano hiyo limetoka kwanza kichwani mwa mtu, likashuka mabegani, likagawanyika kati ya vidole na goti.

Makao ya kazi hii ni Kiryu, mji wa wafumaji katika mkoa wa Gunma, kiasi cha kilomita 100 kutoka Tokyo. Viwanda vyake vya zamani vina mapaa ya meno ya msumeno, madirisha yakielekea kaskazini, ili uingie mwanga usioyumba na rangi ya uzi isimdanganye mfumaji. Inasimuliwa kwamba bendera za jeshi la jemadari Tokugawa Ieyasu katika vita vya Sekigahara, mwaka 1600, zilifumwa hapo. Kwa karne nyingi Kiryu imefuma hariri ya kimono na ya obi, ule mshipi mpana unaofungwa kiunoni. Leo, wapenzi wa mitindo ya Kijapani, hasa ile inayochanganya kimono na ukorofi wa vijana wa mitaani, hutaja Tokyo, hutaja Paris, hutaja mtaa wa Harajuku. Kiryu haitajwi. Lakini ukifuata uzi wa nguo hizo nyuma, hatua kwa hatua, mara nyingi utafika chini ya mapaa yale ya msumeno.

Chukua gamba moja tu la joka, lililodariziwa mgongoni mwa jaketi la satini. Fundi huanza shinani mwa gamba kwa uzi wa rangi iliyoiva, akirusha mishono mirefu inayolala upande mmoja. Kisha hubadilisha uzi. Huchukua rangi iliyofifia hatua moja tu kuliko ya kwanza, na kuzichomeka ncha za mishono mipya katikati ya ile ya awali, ili jicho lisione pale rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Ya tatu hufuata kwa namna hiyohiyo. Mwisho hupita ukingoni na uzi wa dhahabu, goti likiwa limelegezwa karibu kabisa, na kuacha mstari mwembamba unaolitenganisha gamba na jirani yake. Halafu huanza gamba la pili, na la tatu, mpaka mgongo mzima wa joka ujae.

Hakuna magamba mawili yanayofanana. La shingoni ni fupi na la tumboni limevutika. Mishono ya kila moja imelala kwa pembe yake, kwa hiyo mwanga hauyagongi yote kwa pamoja. Mvaaji akigeuka barabarani, mng'ao hukimbia kutoka kichwani mwa joka hadi mkiani. Mashine ya kompyuta hudarizi joka la namna hii kwa urefu wa mishono uliopangwa mapema na mkazo usiobadilika, likatoka safi, limelala bapa juu ya kitambaa. Anayeziona nguo mbili hizo zimetundikwa bega kwa bega hahitaji kuelezwa ipi ni ipi.

Jaketi lenyewe huitwa sukajan, na kuzaliwa kwake kulikuwa kwa shida. Vita vilipoisha mwaka 1945, wanajeshi wa Marekani walijaa Japani, na wengi wao walitaka kurudi kwao na kitu cha kuonyesha. Wafanyabiashara wakachukua umbo la jaketi la wachezaji wa besiboli, wakawapelekea wadarizi wa Kiryu na miji ya jirani, ambao soko lao la kimono lilikuwa limekauka. Hariri ilikuwa adimu, ikatumika satini ya asetati inayong'aa. Watu waliozoea kudarizi korongo na maua ya mcheri juu ya obi ya bibi harusi sasa waliombwa kudarizi tai, chui, ramani za Japani na majina ya kambi za kijeshi. Wakafanya. Katika jaketi la askari aliyewashinda, waliweka ustadi uleule waliokuwa wakiuweka katika nguo ya harusi.

Yokosuka, mji wa bandari wenye kambi ya wanamaji wa Marekani, ukawa soko kuu la majaketi hayo, hasa katika mtaa wa Dobuita. Miaka ya 1960 vijana wa Kijapani wenyewe walianza kuyavaa, na hawakuwa vijana ambao wazazi wangetaka kuwaona mlangoni. Filamu ya Shohei Imamura ya mwaka 1961, Buta to Gunkan, inayohusu majambazi wadogo wa Yokosuka, ilisaidia kulifanya sukajan kuwa vazi la wakorofi. Nguo iliyoanza kama kumbukumbu ya mgeni ikawa tangazo la mwenyeji: kwamba hakubaliani na sare ya shule, na suti ya ofisini, na tabia ya kuomba radhi kila saa.

Ukorofi wa namna hii una nasaba ndefu Japani. Mwanzoni mwa karne ya 17, nchi ikiwa imetulia baada ya vita vya muda mrefu, mitaa ya Kyoto na Edo, ambayo leo ni Tokyo, ilijaa vijana walioitwa kabukimono. Walibeba panga ndefu kupita kiasi, walivaa kimono za kike mabegani, walichanganya rangi ambazo mtu wa heshima asingezichanganya. Mwaka 1603 mwanamke aitwaye Izumo no Okuni alicheza Kyoto akiwa amevaa kama mmoja wao, upanga kiunoni, na kutokana na mchezo wake ikakua sanaa ya jukwaani ya kabuki. Serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi, haikupendezwa na vijana wale. Ilitoa sheria baada ya sheria kuhusu nani avae nini: hariri gani, rangi gani, nakshi kiasi gani. Wafanyabiashara, waliokuwa na fedha nyingi na cheo kidogo, walizitii kwa nje. Nje wakavaa kahawia na kijivu. Ndani ya koti, kwenye bitana asiyoiona mtu, wakaagiza michoro ya gharama kubwa kuliko koti lenyewe.

Lakini walioipeleka sanaa hiyo mbali zaidi ni wazima moto.

Edo ulikuwa mji wa mbao na karatasi, na uliungua mara kwa mara. Mwaka 1720 vikosi vya watu wa kawaida vya kuzima moto vilipangwa upya kuwa makundi 47, baadaye 48, mengi yakipewa herufi. Walikuwa watu wa chini, wengi wao maseremala na wapaa nyumba, maana kuzima moto kulikuwa ni kubomoa nyumba kabla moto haujazifikia. Koti lao liliitwa hikeshi-banten. Lilikuwa la matabaka ya pamba yaliyoshonwa pamoja kwa sashiko, mishono midogo midogo iliyonyooka na kukaribiana, mpaka kitambaa kikawa kinene na kigumu. Kabla ya kuingia motoni lilimwagiwa maji likalowa chapachapa. Uzito wake likiwa limelowa ulikuwa mzigo wa kubebwa, na maji yale ndiyo yaliyomkinga mtu asiungue.

Kwa nje koti lilikuwa la nili, na alama ya kikosi. Kwa ndani kulikuwa na joka. Au simba wa hadithini, au shujaa mwenye chale mwili mzima, ambaye wachoraji walimtoa katika picha za Utagawa Kuniyoshi zilizopendwa sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Mchoro huo ulipakwa kwa mkono, kwa ute wa mchele uliominywa kutoka kwenye koni ya karatasi ili kuizuia rangi isivuke mipaka yake, kazi ya siku nyingi kwa upande ambao wakati wa hatari ulilala juu ya mwili wa mzima moto, umefunikwa. Moto ulipozimika, na mtu akiwa bado hai, alivua koti, akaligeuza ndani nje, akarudi nyumbani akipita mitaani huku joka likionekana na kila mtu.

Makoti hayo yako leo katika makumbusho ya Japani, Ulaya na Marekani, nayo yanastahili kutazamwa polepole. Kwenye mabega ya baadhi yake pamba imelainika kwa kulowa na kukauka mara nyingi. Mishono ya sashiko inapita katikati ya uso wa joka bila kuuharibu, kwa sababu mchoraji alijua mshonaji angepita wapi, na mshonaji alijua mchoraji alitaka nini. Karibu wote hawajulikani kwa majina.

Kaskazini kabisa ya kisiwa kikuu, Aomori, sindano ilikuwa na kazi nyingine. Pamba haikustawi kwenye baridi ile, na katika eneo la Tsugaru wakulima walikatazwa na mabwana zao kuvaa nguo ya pamba. Walivaa kitambaa kigumu cha katani, na wanawake wakagundua kwamba uzi mweupe wa pamba, ukipitishwa katikati ya nyuzi za katani kwa hesabu kamili, huziba matundu na kuzuia upepo. Kutokana na katazo hilo ukatoka udarizi wa kogin, maumbo ya almasi meupe juu ya nili, ambao leo hununuliwa kama pambo. Nguo ilipochakaa iliwekwa kiraka, kiraka kikawekwa kiraka, vizazi vitatu au vinne vikalala chini ya tambara lile lile la viraka, liitwalo boro. Mtafiti Chuzaburo Tanaka alizunguka vijijini kwa miongo akiyakusanya matambara hayo kutoka kwa familia zilizokuwa zikiyaonea aibu. Mwaka 2009 mkusanyiko wake ulipata nyumba Asakusa, Tokyo, katika Makumbusho ya Amuse, na wabunifu wa mitindo kutoka pande zote za dunia walikwenda kuutazama. Makumbusho hayo yalifungwa mwaka 2019.

Watu wengi huanza hadithi ya mitindo ya Kijapani mwaka 1981, wabunifu Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto walipoonyesha nguo zao Paris kwa mara ya kwanza. Nguo zilikuwa nyeusi, pana, zisizofuata kiuno wala kifua, pindo zake hazijakunjwa. Fulana nzito ya sufu aliyoitoa Kawakubo mwaka 1982 ilikuwa na matundu yaliyotapakaa mwilini mwote. Magazeti mengine yalithubutu kufananisha nguo hizo na matambara ya walionusurika bomu la Hiroshima. Waandishi hao hawakujua kwamba mwenzao wa tatu, Issey Miyake, aliyekuwa akionyesha nguo zake Paris tangu mwaka 1973, alikuwa Hiroshima siku ile akiwa mtoto wa miaka 7. Yeye mwenyewe alikaa kimya juu ya jambo hilo mpaka mwaka 2009.

Matundu yale hayakukatwa kwa mkasi. Kawakubo aliwaagiza mafundi walegeze skrubu kwenye mashine ya kufuma, hapa na pale, ili ishindwe kufuma sawasawa. Agizo hilo linataka fundi anayeijua mashine yake kwa undani: alegeze ipi, kiasi gani, kwa mistari mingapi, ili tundu litokee na fulana isifumuke yote. Huyo fundi wa mashine hayumo katika vitabu vya mitindo, ila fulana aliyoifuma imo.

Yamamoto naye alitoka kwenye chumba cha cherehani. Baba yake alifia vitani, na mama yake, Fumi, aliendesha duka la ushonaji Kabukicho, katika wilaya ya Shinjuku, akiwashonea wanawake wa mtaa ule. Mwana alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Keio, akahitimu, kisha akamwambia mama kwamba angependa kufanya kazi dukani. Mama akampeleka kwanza Bunka, chuo cha ushonaji, akajifunze kukata. Anayetazama mikoti yake mirefu humwona mtu aliyezichukia nguo zinazobana mwili wa mwanamke, na aliyejifunza chuki hiyo akiwa amepiga magoti, na pini mdomoni, mbele ya wateja wa mama yake.

Nguo za Kawakubo, Yamamoto na Miyake zina hesabu ya kimono ndani yake. Jora moja la kimono, tan, lina upana wa takribani sentimita 36 na urefu wa kiasi cha mita 12. Hukatwa kwa mistari iliyonyooka tu, na hakuna kipande kinachotupwa. Mwanamke wa pwani ya Afrika Mashariki anayejifunga kanga analielewa wazo hilo bila kufundishwa: kitambaa kinabaki mstatili, mwili ndio unaokiingia. Kimono huunganishwa kwa mshono wa mkono unaoweza kufumuliwa. Zamani nguo nzima ilifumuliwa, ikafuliwa vipande vipande, ikawambwa ikauke, ikashonwa upya. Mtoto alipokua, mikunjo iliyofichwa mabegani na kiunoni ilifunguliwa. Hakuna mshono uliohesabiwa kuwa wa mwisho.

Na hapa Kiryu inaingia tena. Junichi Arai alizaliwa huko mwaka 1932, mwana wa familia ya wafumaji wa obi na kimono. Katika miaka ya 1970 na 1980 alifuma vitambaa vilivyotumiwa na Miyake na Kawakubo. Alichanganya nyuzi zinazosinyaa na zisizosinyaa katika kitambaa kimoja, kisha akakichemsha, kikajikunja chenyewe kwa mabonde na matuta. Alifuma kwa nyuzi za metali, halafu akaiondoa metali sehemu alizozichagua, kikabaki kitambaa kinachoonekana ndani. Aliweka kompyuta kwenye mashine ya jakadi iliyokuwa ikiongozwa na kadi za matundu, wakati wenzake wengi bado waliiona kompyuta kuwa kitu cha ofisini. Mwaka 1984 yeye na Reiko Sudo walianzisha Nuno, kampuni ya vitambaa iliyo hai mpaka leo. Arai alifariki mwaka 2017. Kwake mashine haikuwa adui wa mkono. Aliilazimisha ifanye yale ambayo waliotengeneza mashine hawakuyafikiria, na aliweza kwa sababu alikulia katikati ya kelele za vitanda vya kufumia na alijua kila sauti ina maana gani.

Mwaka 1969, mjini humohumo, alizaliwa Jun Takahashi. Alipokuwa mwanafunzi wa Bunka aliimba katika bendi iliyojiita Tokyo Sex Pistols, akiwaiga vijana wa panki wa London. Mwaka 1990 akaanzisha chapa ya mavazi ya Undercover, na mwaka 1993 yeye na mwenzake Nigo wakafungua kiduka cha Nowhere katika vichochoro vya Harajuku. Alipofika Paris mwaka 2002, onyesho lake la kwanza liliitwa Scab. Lilikuwa la nguo zilizojaa viraka, nyuzi zinazoning'inia na mishono iliyoachwa wazi juu ya kitambaa mithili ya kovu. Wengi waliona panki. Aliyewahi kuona boro la Aomori aliona pia mikono iliyojua kiraka huwekwaje kikadumu.

Kabla Kawakubo na Yohji hawajafika Paris kulikuwa na Kansai Yamamoto, asiye na undugu na Yohji, aliyeonyesha nguo zake London mwaka 1971 na kuleta jukwaani rangi zote ambazo akina Kawakubo baadaye walizikataa. Nguo alizomshonea mwanamuziki David Bowie kwa ziara za mwaka 1973 zilitumia mbinu ya kabuki iitwayo hikinuki: nguo ya juu hushikizwa kwa nyuzi chache, msaidizi akizichomoa inadondoka yote na nyingine kutokea chini yake, mbele ya macho ya watazamaji. Mbinu hiyo inategemea mshonaji. Uzi ukifungwa mno, nguo itakwama. Ukilegea mno, itadondoka kabla ya wakati wake.

Kwa muda fulani barabara zenyewe zilikuwa jukwaa. Jumapili, barabara ya Harajuku ilipofungwa kwa magari, vijana walijaa wakicheza na kuonyeshana walichoshona. Mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha jarida la FRUiTS mwaka 1997 baada ya kuona wasichana wakichanganya vipande vya kimono vya mitumba na nguo za panki, obi juu ya sketi fupi, geta za mbao miguuni. Wengi walikuwa wamefumua na kushona wenyewe, kwa kimono walizozikuta kabatini mwa bibi zao. Barabara ilirudishiwa magari mwaka 1998. Jarida lilisimama mwaka 2017, na Aoki alieleza kwamba hakuwa tena na vijana wa kutosha wa kuwapiga picha.

Wako wapi? Wengi wamevaa nguo zilezile zinazovaliwa kila mji mwingine, zilizonunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana na kutupwa kabla ya msimu kwisha. Hata ukorofi sasa hununuliwa tayari. Suruali huchanwa kiwandani kwa mashine, matundu yakiwa mahali pamoja kwenye kila jozi. Boro limekuwa picha iliyochapishwa juu ya pamba mpya: kiraka kisichofunika chochote, mshono usioshika chochote. Katikati ya miaka ya 2010 nyumba kubwa za mitindo za Ulaya zilitoa majaketi yenye umbo la sukajan, na muda si mrefu maduka ya nguo za bei rahisi yakajaa majoka yaliyopigwa chapa kwa wino. Mwaka 2019, nyota wa Marekani Kim Kardashian alitangaza nguo zake za ndani kwa jina la Kimono, na meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, akalazimika kumwandikia barua kumwomba afikirie upya. Jina likabadilishwa. Barua kama hiyo haiwezi kuandikwa kwa ajili ya mshono.

Hesabu zinasema yaliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 biashara ya kimono Japani ilifikia takribani yeni trilioni 1.8 kwa mwaka. Kabla ya janga la korona ilikuwa imeshuka chini ya yeni bilioni 300. Sehemu kubwa ya kimono zinazoshonwa kwa mkono sasa hushonwa Vietnam, na wanaozishona huko ni mafundi hodari, lakini mnyororo wa bibi na mjukuu umekatika. Nili ya asili ya Tokushima, ambayo majani yake hugeuzwa na kumwagiwa maji kwa kiasi cha siku 100 mpaka yachachuke, imebaki mikononi mwa watu wachache. Cherehani za yokoburi hazitengenezwi tena. Ikivunjika moja, mwenye karakana hutafuta nyingine kuukuu ya kuichomoa vipuri.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina habari yake katika jambo hili. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapishwa Japani, kampuni ya Nishizawa ikiwa miongoni mwa zilizozishughulikia. Michoro na majina yalipelekwa kutoka huku, kutoka kwa wenye maduka kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye chapa ya Mali ya Abdulla, na wachapaji wa mbali wakajifunza pindo ni nini, mji ni nini, na kwa nini maneno hayatakiwi kukosewa hata herufi moja. Kisha ukaja wakati wa viwanda vya nyumbani, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, na baada yake wakati wa viwanda kusinzia na kanga za bei rahisi kuingia kwa makontena. Mnunuzi wa zamani aliigeuza kanga dukani atazame kama rangi imepenya upande wa pili. Wa leo anainunua ikiwa imekunjwa ndani ya nailoni, na ikichuja kwenye ndoo ya kwanza hana wa kumlaumu.

Kiryu bado kuna wanaodarizi kwa goti na vidole, na miongoni mwao wamo vijana wachache waliokwenda kuomba kufundishwa. Kulijua goti ni kazi ya miaka, na malipo ya miaka hiyo ni madogo. Sukajan lao likifika dukani, lebo ya shingoni hutaja kampuni, hutaja kitambaa, hutaja joto la maji ya kufulia. Aliyedarizi joka hatajwi, kama hawakutajwa wachoraji wa makoti ya wazima moto, na kwa wale angalau kuna udhuru wa miaka 200 na miji iliyoungua. Leo udhuru huo haupo. Nafasi ya jina moja ipo kwenye lebo, uzi upo, na mwenye jina bado yu hai, ameketi chini ya dirisha la kaskazini akibadilisha rangi ya pili kwenda ya tatu.